Pawa Niliyoivunja kwa Makusudi

Pawa mliyoikuta Jumatatu imelala vipande vipande juu ya meza ya stoo, ule msumeno wa mashine wa zamani, niliivunja mimi. Haikuangushwa na paka wala hakuingia mwizi, na nawaomba mwache kumtazama mlinzi wa usiku kwa jicho baya, maskini ya Mungu hana habari. Niliingia kwa ufunguo ambao nilisahau kuurudisha nilipostaafu, na nyinyi mkasahau kuudai. Stoo imejaa mashine, na ufunguo wake unazurura Mishomoroni mfukoni mwa mzee! Lakini hilo tuliache.

Najua mmekasirika. Mwadime, aliyeshika usimamizi baada yangu, amenipigia simu mara nne na sijapokea hata moja. Nikianza kueleza kwa mdomo nitafoka, na nikifoka mtasema mzee ameshikwa na upweke wa kustaafu. Basi nimekaa, nimevaa miwani, naandika. Habari yenyewe ni ya kamba, ile inayofunga pawa kwenye kiuno cha anayepanda, na kamba hiyo ndiyo itakayoamua kama mmoja wenu atashuka mtini kwa miguu yake au atashushwa. Kwa hiyo someni taratibu.

Nilianza kazi hii nikiwa kijana wa Junda ambaye hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko paa la choo. Bwana Twaha, ambaye sote twamwita Ami, alikuwa na duka la vyuma na kamba hapa Kisauni, na pembeni yake akafungua kazi ya kukata miti iliyoegemea nyumba za watu. Alinipeleka kwa fundi wake, Mzee Kalume, Mgiriama wa Kaloleni aliyegema mnazi tangu utotoni kabla ya kuingia kwenye kazi ya mashine. Nilidhani siku hiyo hiyo nitapewa pawa, maana ndivyo tulivyouita msumeno wa mashine tangu zamani, niingurumishe mtaa mzima unisikie. Mzee Kalume akanipa tupa.

"Noa," akasema.

"Ninoe mpaka lini, mzee?"

"Mpaka hiyo tupa iache kupiga kelele."

Miezi mitatu nilinoa meno ya mnyororo. Mivuto mitatu kila jino, upande wa kushoto kisha wa kulia, mkono ukienda mbele tu bila kurudi nyuma. Ukizidisha upande mmoja, pawa inakata upinde badala ya kunyooka, na tawi linaangukia pale ambapo hukukusudia. Nyinyi siku hizi minyororo yenu mnampelekea Wafula kwenye kibanda chake pale Kongowea, tena mnalalamika kwamba anachelewa. Nitafika kwa Wafula.

Kitu kilichonishangaza siku zile kilikuwa kamba. Mnajua pawa ya kupanda nayo hufungwa kwenye mkanda wa mpandaji, ili akihitaji mikono yote miwili kushika mti, mashine ining'inie kiunoni. Kamba ya Mzee Kalume ilikuwa ya katani, nyembamba, ile ya kushonea magunia. Kila Jumatatu kabla ya kazi aliifunga kwenye nondo ya dirisha la stoo, akaegemea nyuma na kuivuta kwa uzito wake wote. Ikikatika, aliguna kwa kuridhika, akakata kipande kingine kutoka bunda lile lile na kukifunga kwenye pawa. Isipokatika, aliitupa. Mmesoma sawasawa: kamba nzima aliitupa, na iliyokatika ndiyo aliyoisifu. Mimi nilisimama na tupa yangu nikicheka ndani ya shati. Nilijua mzee ameanza kuchanganyikiwa, na heshima ikanizuia kumwuliza.

Na pawa zilivunjika, jamani. Ya kwanza niliyoiua mimi ilikufa kwa msumari, ndani ya mwarobaini. Kwetu hapa hakuna mti usio na msumari. Kinyozi anapigilia bango lake, wa kanisa anapigilia tangazo la mkesha, mwenye mbuzi anapigilia kulabu, na mganga naye anakuja na msumari wake wa kumfungia jini. Mti unavimba, unaufunika, unanyamaza. Wewe unakuja miaka ishirini baadaye na mnyororo ulionoa asubuhi nzima, unaugonga, meno yanaruka, mnyororo unakatika na kupasua kifuniko cha injini. Mwenye nyumba anakuja mbio na kukwambia, "Ah, huo ni wa marehemu babu, tulisahau." Mlisahau! Nimehakikishiwa kwamba hakuna chuma mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu.

Nyingine ilikufa kwa kutiwa petroli tupu. Injini ile inataka petroli iliyochanganywa na oili yake, la sivyo inakaukiwa na kuganda. Aliyeitia aliniambia, "Lakini harufu si ni ile ile, fundi?" Nyingine ilikanyagwa na lori letu wenyewe, dereva akirudi nyuma, huku watu watano wakimpigia makelele kila mmoja lugha yake.

Ila nyingi zilikufa kwa kunaswa. Unakata tawi zito, tawi linaanza kuinama kabla hujamaliza, mkato unajifumba na kulibana bamba la pawa, ule ulimi wa chuma unaobeba mnyororo. Tawi linakatika na kwenda zake na mashine yako imo mdomoni mwake. Ile kamba ya katani inakatika, tap, na pawa inapasuka chini. Moja ilitua juu ya tangi la maji pale Mishomoroni, vyote viwili vikaharibika kwa pamoja. Mwenye tangi alilalamika kuhusu tangi, Ami akalalamika kuhusu pawa, na mimi niliyekuwa nimebaki juu ya mti wa mkungu, mzima wa afya, sikuulizwa na mtu.

Ami Twaha alikuwa na adabu yake ya kutuadhibu. Pawa iliyokufa aliitundika kwenye ukuta wa stoo, na chini yake akaandika kwa chaki jina la aliyeiua. Ule ukuta mnaujua. Nusu ya majina ni jina langu.

"Bakari, hii nayo imekufa vipi?"

"Ilinaswa na tagaa, Ami. Kamba ikakatika."

"Kamba yakatika kila siku! Mimi ni muuza kamba, wallahi, duka limejaa kamba mpaka mlangoni, nanyi mwafunga mashine yangu na uzi wa gunia. Mwanifanya kichekesho cha mji. Kalume, huna la kusema?"

Mzee Kalume alimaliza chai yake kwanza. "Nunua nyingine, Twaha," akasema, akaondoka.

Magoti yalipomkataa, Mzee Kalume alirudi kwao Kaloleni na mimi nikashika usimamizi. Jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kuhamisha kiti, lilikuwa kulitupa lile bunda la katani. Nilikuwa nimechoka. Kila mashine mpya ilinichukua mwezi kuizoea, na kila ikivunjika nilisimama mbele ya Ami kama mwanafunzi aliyepoteza daftari. Nikaenda dukani kwake, nikachagua mkanda wa kijani wa kufungia mizigo ya malori, wenye kulabu za chuma pande zote mbili. Nikaufunga kwenye nondo ya dirisha, nikauvuta mpaka nondo ikalia. Haukutikisika. Ami alinikumbatia mbele ya wateja. Mwaka mzima ukapita bila pawa mpya ukutani, na mimi nikawa natembea kifua mbele.

Mpandaji wangu bora wakati huo alikuwa Wafula, kijana wa Bungoma aliyeshuka Mombasa kutafuta kazi ya bandarini, akaikosa, akaja kwetu. Alipanda kama ngazi ilikuwa imeshikamana na miguu yake. Siku moja asubuhi tulivuka kwenda Likoni kukata mkwaju uliolalia jiko la nje la bibi mmoja, Bi Mwanatumu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, wanangu. Mutanikatia bila kunivunjia jiko langu?"

"Inshallah, halitaguswa."

Wafula alijifunga kwa kamba yake kwenye shina, akaangika pawa kwenye mkanda wa kijani, akanitazama akicheka. "Fundi, huu mkanda ni noma. Hata nikilala huko juu, mashine haiendi popote."

Nikacheka naye. Niliona fahari.

Mkwaju ni mti mgumu, na matawi yake ni mazito kuliko yanavyoonekana. Tawi la tatu lilianza kuinama kabla ya wakati wake. Nilimwona Wafula akijaribu kulichomoa bamba, nikaona mkato ukijifumba. Nikamwita kwa jina. Tawi likakatika, likashuka na pawa ndani yake, na safari hii hakuna kilichokatika. Mkanda ukanyooka. Wafula alikuwa amefungwa shinani kwa kamba yake nzuri, isiyokatika, niliyomnunulia mimi, na kiunoni alikuwa ameshikwa na tawi zima la mkwaju kwa mkanda mzuri, usiokatika, nilioununua mimi pia. Vikavutana. Nyonga yake ndiyo iliyokuwa katikati. Nilisikia mlio wake kutoka chini, na mpaka leo nikisikia kuni ikivunjwa gotini natoka nje ya jiko.

Kisha bamba likateleza, tawi likaanguka peke yake uani, mbali na jiko la Bi Mwanatumu kama nilivyoahidi. Pawa ikarudi kuning'inia kiunoni pa Wafula, ikizunguka polepole.

Tulimshusha, tukamkimbiza hospitali. Niliporudi Likoni, waliobaki walinikuta nimekaa chini ya ule mkwaju na pawa mapajani. Sijui ni mazoea au ni wazimu, niliivuta kamba ya kuiwashia. Ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Haikuwa na hata mkwaruzo. Niliichukia mashine ile kwa namna ambayo sijawahi kumchukia binadamu.

Jioni nilimpelekea Ami. Akaikagua, akaivuta naye, ikawaka. Akaizima, akapigilia msumari ukutani, akaitundika katikati ya zile zilizokufa.

"Lakini Ami, hiyo nzima."

"Nzima, ndiyo," akasema. "Na Wafula je?"

Akachukua chaki, akanitazama, akairudisha chaki mfukoni. Ndiyo sababu chini ya pawa ile hapakuwa na jina. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini mashine nzima inatundikwa pamoja na maiti, nami nikawajibu kwamba kabureta yake ni mbovu. Niliwadanganya.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kaloleni. Nilimkuta Mzee Kalume anachonga mpini wa jembe. Nilimweleza yote kwa hasira, kama kwamba yeye ndiye aliyeununua ule mkanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulipata kuniuliza?"

"Mzee!"

"Nikivuta kila Jumatatu mbele ya macho yako. Nawe ukicheka. Wadhani sikukuona?" Akaendelea kuchonga. "Mgema hufunga panga kwa ukindu mwembamba. Panga likinaswa, liende na kuti lake. Mimi nibaki juu na kibuyu changu. Kamba ya mtu haifai ikatike, Bakari. Ya mashine haifai isikatike. Hilo nalo lataka shule?"

Nilikuwa nimeudhika naye, na nimeudhika zaidi kwa kuwa alikuwa na haki.

Sasa nifike kwa Wafula. Mnamjua. Ndiye yule anayewanolea minyororo Kongowea, ambaye mnamtania kwa ule mwendo wake wa kuyumba, mkimwita Baharia. Amewaambia alianguka na bodaboda. Hakuwahi kuanguka na bodaboda maishani mwake. Alipokuwa bado kitandani aliniambia, "Fundi, nikisema ni mkanda, hakuna mtu atapanda chini yako tena. Na wewe uko na watoto. Wacha tuseme ni nduthi." Nami nikakubali. Nikasema, "Haya." Kijana ambaye hatapanda tena hata ngazi ya ghorofa ananifichia aibu, nami nasema haya. Hapo ndipo ninapojiona mtu duni, na sitaki mnifariji.

Nilirudisha katani. Miaka yote iliyobaki pawa zimeanguka, zimepasuka, zimetundikwa, na kila aliyepanda chini yangu ameshuka kwa miguu yake akinung'unikia mashine. Lakini tazameni ujinga wangu. Kila Jumatatu nilifunga kamba kwenye nondo ya dirisha, nikaivuta ikakatika, nikaguna, nikafunga nyingine. Nikanyamaza. Nilifanya lile lile nililomlaumu Mzee Kalume, tena yeye hakuwa na la kuficha. Mimi ningeeleza sababu, mngeuliza niliijuaje, na ningelazimika kumtaja Wafula. Basi mkasimama na tupa zenu mkicheka ndani ya mashati. Niliwaona. Nami nikijua hasa mnachofikiri, kwa maana nilikifikiri kabla yenu.

Mliponiaga mlinipa pawa mpya ndani ya boksi. Mtu amemaliza kazi ya kukata miti, anaishi Mishomoroni kwenye nyumba isiyo na hata mpapai, nanyi mnampa pawa! Mke wangu aliiweka sebuleni karibu na televisheni, wageni wanaiulizia. Niliwashukuru na kurudi nyumbani nikicheka.

Kicheko kiliniisha wiki mbili zilizopita, nilipopita stoo kuwasalimu. Msumari wa katikati ukutani ulikuwa mtupu. Ile pawa ilikuwa mezani, imefutwa vumbi, na kiunganishi chake kilikuwa mkanda mpya wa buluu wenye kulabu za chuma.

"Mzee, shikamoo! Unaona?" Mwadime akaniambia kwa furaha. "Hii mashine haikuwa na tatizo lolote. Na ile kamba yako ya gunia tumeitupa. Imetukatikia mara tatu mwaka huu. Hata kama ni kubana matumizi, mzee, ile ilikuwa imezidi."

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilisema nina haraka, nikatoka. Ndiyo, nilitoka. Miaka yote ya kunyamaza inamfanya mtu asijue pa kuanzia. Siku tisa nilikuwa nikiamka na kuuliza nani yuko mtini leo.

Jumamosi nilikwenda Kongowea, nikamkuta Wafula kibandani kwake katikati ya mikokoteni na magunia ya viazi, mnyororo wa mtu umebanwa kwenye kibano. Nikamwambia wameishusha ile pawa. Aliendelea kunoa meno mawili, matatu, kisha tupa ikasimama.

"Na wameifunga na nini?"

Nikamwambia.

"Mwadime ndiye anapanda nayo?"

"Yeye."

"Mtoto wake ana miezi mingapi sasa?" Hakungoja jibu. "Waambie, fundi. Waambie ukitaja jina langu. Hiyo stori ya nduthi imenichosha hata mimi."

Jumapili, alipotoka kanisani, tulikutana mlangoni pa stoo. Tuliweka pawa mezani. Wafula aliizunguka kwa ule mwendo wake, akaligusa bamba kwa kidole.

"Iwashe kwanza," akasema.

Ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Nikaizima. Nikachukua nyundo kubwa na kumpa, maana niliona ni haki yake. Akaisukuma nyuma.

"Hapana. Hiyo ni yako, fundi."

Basi niliivunja. Mapigo ya kwanza niliyapiga kwa hasira, na yaliyofuata sikuyaona vizuri kwa machozi, ndiyo maana meza nayo ina mashimo mawili. Mtaniwia radhi kwa meza. Mkanda wa buluu niliukata kwa panga, na panga lenyewe lilitaabika, kwa hiyo kauzeni mikanda hiyo iliyobaki kwa wenye malori, wanaoistahili.

Pawa mliyonipa siku ya kuniaga sasa iko kwenye kabati la stoo, bado na harufu ya boksi. Ni yenu. Mke wangu amefurahi kupata nafasi ya kuweka maua. Pawa niliyoivunja itundikeni pale pale ilipokuwa, vipande vyote, kwenye msumari wa katikati. Chini yake nimeliandika kwa chaki jina langu, lile ambalo Ami alikosa moyo wa kuliandika. Msilifute.

Bunda la katani liko juu ya dirisha. Jumapili ile nilifunga kipande kwenye nondo, Wafula akakivuta kwa mikono yake, kikakatika. Tukafunga kingine kwenye pawa mpya. Jumatatu ijayo avute Mwadime, mbele yenu wote, na kikikatika awaambie kwa sauti ni kwa nini.